Chakula Kipo, Nguvu Hakuna: Kutafuta Mahali Mwili Ulipokwama

Ukishuka feri ya Likoni, Mombasa, upande wa kisiwani kuna mwinuko mfupi kabla ya kufika kwenye matatu. Si wa kutajika. Mtoto huupanda huku akimung'unya mabuyu. Asubuhi watu hutoka chomboni bega kwa bega, lakini wakifika katikati ya mwinuko umati hujichuja wenyewe. Wenye pumzi huenda zao. Pembeni hubaki wachache walioegemea, wanajifanya wanatafuta simu mfukoni. Simu wameishika mkononi. Wanachotafuta ni pumzi.

Mimi ni mtu wa maabara katika zahanati ndogo, na hao wa pembeni ndio wateja wangu. Wakifika dirishani husema neno moja: "Nimechoka." Ukiwauliza wamefanya nini mpaka sasa, kila mmoja ameshanunua kitu. Huyu dawa ya maji ya kuongeza damu, yule pakiti ya glukosi, mwingine kinywaji cha kopo cha kutia nguvu. Dawa yenyewe huenda haina ubaya. Ila imenunuliwa kabla mtu hajajua ni nini kilichopungua.

Ili mguu mmoja uinuke, msuli unahitaji kemikali iitwayo ATP. Iliyomo tayari ndani ya msuli hutosha sekunde chache tu. Baada ya hapo lazima itengenezwe papo hapo. Mtu aliyejilaza kutwa nzima hutengeneza na kutumia karibu kilo 40 za ATP kwa siku, ilhali wakati wowote ukimpima aliyonayo mwilini haizidi robo kilo hivi. Mwili huu ni kibarua wa kutwa: hula anachopata siku hiyo hiyo, hana ghala. Kazi ya kuitengeneza hufanyika ndani ya seli, kwenye vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo sukari na mafuta huunguzwa kwa oksijeni. Chembe moja ya glukosi ikiunguzwa kwa oksijeni hutoa ATP kama 30. Bila oksijeni hutoa mbili tu.

Sasa hesabu ni wangapi wanahusika. Utumbo usage yale mahamri uyafanye sukari. Ini liweke akiba ya usiku. Kongosho litoe insulini. Mapafu yavute hewa, damu ibebe, moyo usukume. Tezi ya shingo iamue kasi ya moto. Figo zitoe taka, na zaidi ya hapo ziuamuru uboho utengeneze damu mpya. Ubongo uwasimamie wote hao, huku wenyewe, ambao ni asilimia 2 tu ya uzito, ukila karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili uliopumzika. Kamba hukatikia pembamba. Uchovu unakuambia tu kwamba imekatika, haukuambii wapi. Wapi utapajua kwa kuuliza uchovu unakuja saa ngapi, na unafuatana na nani.

Yasiyongoja

Kifua kinachobana kama kimewekewa gunia, hasa maumivu yakipanda taya au kushuka mkono. Kuhema ukiwa umeketi tu. Kuzimia. Upande mmoja wa mwili kulegea au maneno kupotea mdomoni. Choo cheusi chenye kunata kama lami. Mtu wa kisukari anayepumua kwa kina huku pumzi yake ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Ukiwa na lolote katika hayo, acha kusoma uende hospitali sasa. Yanayofuata ni ya wenye nafasi ya kuketi na kufikiri.

Ukipanda unatweta, ukiketi unapona

Hili ndilo linaloleta watu wengi, na linaangukia watatu: damu, moyo au mapafu. Hao ni watu wa msafara mmoja, akiyumba mmoja wote hutweta, kwa hiyo pumzi kukata peke yake haitoshi kukuambia nani mkosaji.

Anza na kope. Vuta kope la chini mbele ya kioo, mchana, penye mwanga wa jua. Ndani panatakiwa pawe pekundu kama nyama ya samaki jodari. Kuna mama mmoja muuza viazi karai, alikuja dirishani na kifaa chake mwenyewe kile cha kubana kidoleni kupima oksijeni, kilichoenea tangu wakati wa korona. Kilisoma 99.

"Mwanangu, oksijeni yangu hiyo hapo, tisini na tisa. Basi mbona nakufa kwenye ngazi?"

Nikamwomba avute kope. Ndani palikuwa peupe kama nyama ya dafu. Nilipomtoboa kidole, tone lilitoka la maji maji, rangi ya juisi ya ukwaju uliozidishwa maji. Hemoglobini (Hb) ilikuwa 6.8. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12, mjamzito 11, mwanamume 13, zote ni gramu kwa desilita.

Kifaa hakikusema uongo. Hemoglobini ni hamali wa oksijeni, na kila mmoja ana nafasi nne za kubebea. Kile kifaa hakihesabu mahamali. Kinawauliza tu waliopo: mmebeba? Wakijibu tumebeba, kinaandika 99. Kwamba waliokuja kazini leo ni nusu ya wanaotakiwa, hilo si swali lake. Ndiyo maana mtu aliyepungukiwa damu husoma vizuri kidoleni na huku moyo wake ukienda mbio hata akifua leso, kwa sababu mahamali wachache inabidi wapige safari nyingi. (Nami huwa nastaajabu: chembe nyekundu yenyewe haina mitokondria hata moja. Inabeba oksijeni ya wenzake na haiigusi, sawa na yule hamali wa bandari ya Kilindini aliyebeba mchele wa wengine maisha yake yote.)

Sasa usikimbilie chupa. Damu imepungua, sawa, imekwenda wapi? Chembe nyekundu huishi siku kama 120, basi ama hazitengenezwi, ama zinavunjwa, ama zinavuja.

Kuvuja ndiko kunakosahaulika. Kwa mwanamke niulize hedhi kabla ya chakula: siku ngapi, na je unabadilisha pedi kila saa? Mama wa viazi karai alikuwa na uvimbe wa kizazi, anavuja wiki nzima kila mwezi na kuona ni kawaida ya wanawake wa kwao. Kwa hamali au fundi wa ujenzi nauliza dawa za mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku, tena juu ya tumbo tupu, huchubua tumbo likavuja polepole bila kuuma. Kwa mtoto anayecheza peku nauliza choo, kwa sababu minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya mguu, hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kunyonya. Wazee wetu waliupa ugonjwa jina kabla ya darubini. Aliyeogelea mabwawa ya Kwale na sasa anakojoa mkojo mwekundu, hicho huenda ni kichocho.

Kuvunjwa: malaria hupasua chembe nyekundu, na homa yake huwa imekwishakutangulia. Kwa watu wa pwani kuna pia selimundu, ambayo chembe hukunjamana kama mundu na kufa mapema. Mtoto wa namna hiyo usimpe vidonge vya madini ya chuma kwa kukisia, maana chuma chake kinaweza kuwa kimezidi tayari.

Kutotengenezwa: chuma hakitoshi, au kinaliwa na kuzuiwa mlangoni. Hapa chai inahusika. Chai ya rangi au ya maziwa juu ya mlo hufunga chuma cha mbaazi na mchicha kisiingie. Sisemi uache chai, nani ataniskiza mji huu? Iache saa nzima ipite baada ya kula, na kwenye mbaazi kamua ndimu, kwa sababu vitamini C hufungua mlango ule ule chai ilioufunga. Dalili moja ya upungufu wa chuma watu huona haya kuitaja: hamu ya kula udongo, au kutafuna barafu. Ukimwona dada anasaga barafu menoni kutwa, usimcheke, mpeleke akapime.

Halafu kuna mzee wa presha ya miaka mingi, anakunywa dawa ya chuma miezi sita na damu haipandi. Huyo aangaliwe figo. Figo ndizo zitoazo homoni ya kuuamuru uboho utengeneze damu. Zikidhoofika amri haifiki, hata ghala likiwa limejaa chuma.

Kope likiwa jekundu na Hb nzuri, geukia moyo. Moyo uliopumzika husukuma kama lita 5 kwa dakika, yaani karibu damu yote ya mtu mzima kila dakika moja, na ukipanda mwinuko hutakiwa kuzidisha mara kadhaa. Usioweza kuzidisha husaliti miguuni. Nilimuuliza ami mmoja mvuvi:

"Ami, unalala na mito mingapi?"

"Mitatu, mwanangu. Nikilala chini nazama."

Jibu hilo lilitosha kumwandikia barua ya kwenda kwa daktari siku ile ile. Alikuwa amevaa ndara kwa sababu viatu vilikataa kuingia tangu mwezi wa mfungo. Ukibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo lilibaki kama kwenye unga wa mahamri. Damu isiyosukumwa mbele hurudi nyuma: ya kushoto hujaza mapafu maji, ya kulia huvimbisha miguu. Na tukiwa hapo, aliyeeleza kwanza kwamba damu hutoka moyo wa kulia ikapitia mapafuni ndipo ifike wa kushoto ni Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham aliyefanya kazi Misri, katika kitabu cha mwaka 1242. William Harvey wa Uingereza, ambaye shule hutufundisha peke yake, aliandika yake mwaka 1628.

Mapafu hujitaja yenyewe kwa kikohozi, na kwa hayo sitakawia. Kikohozi kilichopita wiki mbili, jasho la usiku linalolowesha shuka ilhali feni inazunguka, na nguo zinazokulegea, pima kifua kikuu. Matibabu yake hospitali za serikali ni bure. Mluzi kifuani unaokuja usiku au penye vumbi ni pumu.

Umeshiba, mwili una njaa

Mtu anakula sahani ya pilau akaongeza, na bado anakonda. Anakunywa maji jagi zima, anaamka kukojoa mara nne, macho yanaona ukungu. Wazee walitazama kama sisimizi wamejaa chooni, na hawakukosea.

Hapa chakula kimeingia, kimesagwa, kimefika kwenye damu. Kimekwama kwenye mlango wa seli. Ni kama mita ya tokeni: umelipa, ujumbe umeingia kwenye simu, lakini namba hazijabonyezwa kwenye mita. Pesa imetoka na nyumba giza. Kazi ya kubonyeza ni ya insulini. Ikigusa seli ya msuli, malango ya glukosi yaliyokuwa yamefichwa ndani hupanda juu na sukari huingia. Kongosho likikosa kutoa insulini, au seli zikizoea kutoitikia, malango hubaki chini. Sukari hurundikana, ikipita kama 10 (milimoli kwa lita, kipimo cha namba zote za sukari hapa) figo hushindwa kuirudisha yote, humwagika kwenye mkojo na kuburuta maji pamoja nayo. Ndiyo kiu hiyo. Na seli zenye njaa huanza kuunguza mafuta na nyama ya mwili wenyewe. Ndiko kukonda huko.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, au ya wakati wowote 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizo, ni kisukari. Kwa asiye na dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kumbandika mtu jina. Na hapa ndipo pakiti ya glukosi inaponiudhi hasa. Nimeona kijana wa Kisauni aliyejiona mnyonge, akanywa glukosi wiki mbili "arudishe nguvu". Mashine yangu iliandika HI, maana yake namba imepita uwezo wake kuisoma.

Kuna jambo zuri ambalo wengi hawaambiwi. Msuli unaofanya kazi hupandisha malango yake wenyewe bila kungoja insulini. Mtu akitembea ufukweni Mama Ngina nusu saa baada ya chakula cha jioni, sukari hushuka kwa njia ya pili, na njia hiyo haiharibiki kwa kisukari. Haichukui nafasi ya dawa.

Unatetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla

Kinyume chake: sukari imeshuka chini ya 3.9. Kwa mtu asiye na kisukari ini huzuia hali hii, kwani huweka akiba ya kama gramu 100 za sukari na huiachia kidogo kidogo usiku, na ikikaribia kwisha huanza kutengeneza nyingine. Ndiyo maana mfungaji mzima wa afya hufika magharibi akiwa na njaa tu na si taabani. Lakini aliyemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, au kudunga insulini amelifunga ini mikono. Dawa inashusha na chakula hakiingii.

Tiba ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, na kupima tena baada ya dakika 15. Si chokoleti, mafuta yake huchelewesha. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mumkimbize hospitali. Mwezi wa Ramadhani, mwenye kisukari akiona chini ya 3.9 afungue, hata ikiwa imebaki nusu saa. Kama una shaka, muulize ustadhi wako na daktari wako wote wawili kabla mwezi haujaandama, maana dozi nyingine hubadilishwa saa na kiasi kwa ajili ya daku.

Nyumba nzima kichwa kinauma

Hili nimelipata kwangu. Mvua ya masika, chumba kimoja, mama watoto amepika wali akaliingiza seredani ndani litupashe joto, mlango tumefunga kwa sababu ya mbu. Usiku sote vichwa, kichefuchefu, miguu mizito kama imetiwa mchanga. Mimi mtaalamu nikatoa vifaa vyangu nikawatoboa vidole wote kupima malaria. Hakuna hata mmoja. Kifaa cha kidoleni: 98. Tukatoka barazani kuongea, tukapata nafuu. Tukarudi ndani, yakaanza upya. Bibi wa nyumba ya pili alichungulia na kusema, "Nyinyi mna wazimu? Toeni makaa hayo." Alitutazama sekunde mbili tu, wala hakumtoboa mtu kidole.

Makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo humdanganya mtu. Gesi hiyo hushika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikakaa kwenye nafasi za kubebea na kukataa kushuka. Tena kifaa cha kidoleni huiona kama oksijeni na kuandika namba nzuri. Kwa hiyo: wengi kuugua pamoja chumba kimoja, homa hakuna, nafuu mkitoka nje. Toeni watu, fungueni milango, na aliyechanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali akapewe oksijeni hata kama sasa anasema amepona.

Asubuhi sawa, saa nane mchana umekwisha

Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, hewa yetu imejaa unyevu hata jasho halikauki. Linachuruzika tu bila kukupoza, na mwili unazidi kulitoa. Damu hupungua maji, moyo hupiga haraka kusukuma kile kilichobaki, na sehemu kubwa yake huelekezwa kwenye ngozi kupoza badala ya msuli. Tazama mkojo. Ukiwa rangi ya chai ya rangi, mara nyingi tatizo si damu wala sukari, ni mtungi. Maji, na chumvi kidogo ya chakula. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo mfanyakazi wa juani asitegemee dafu peke yake, na mgonjwa wa figo asiyaguse bila kumuuliza daktari wake.

Mawili mafupi

Ukimwona mtu amevaa sweta Mombasa mwezi wa Februari, na ananenepa bila kula, choo kigumu, mapigo ya polepole, sauti imekuwa nzito, apimwe homoni ya tezi, kipimo kiitwacho TSH. Tezi ikilegea, kila seli mwilini hupunguza moto wake. Chakula kipo, oksijeni ipo, lakini aliyeshika utambi ameuteremsha.

Na ganzi ya nyayo pamoja na ulimi kuwa laini na mwekundu: fikiria vitamini B12, hasa kwa asiyekula nyama, samaki wala maziwa, na kwa aliyemeza metfomini, dawa ya kisukari, miaka mingi, kwani hupunguza unyonyaji wake. Mnywaji mkubwa wa mnazi asiyekula hukosa zaidi B1, ambayo bila hiyo sukari haiingii sawasawa kwenye moto wa mitokondria.

Vipimo vyote viko sawa

Hapo mteja hukasirika, kana kwamba nimemwambia anajisingizia. Simaanishi hivyo. Mbali na magonjwa ambayo vipimo vyangu vichache havioni, liko jambo la usingizi. ATP ikitumiwa ubongoni huacha mabaki yaitwayo adenosini, ambayo hurundikana kutwa na ndiyo yanayotia uzito wa macho. Usingizi ndio ufagio wake. Kahawa haifagii. Huyafunika tu yasionekane, ikiisha yanakungoja pale pale pamoja na mapya. Muguka nao, majani ya jamii ya miraa, una kathinoni, inayochangamsha, kuua njaa na kufukuza usingizi. Dereva wa tuktuk aliyeniambia muguka unampa nguvu, nilipomhesabia alikuwa amelala kwa saa tatu tu na kula mara moja. Ile si nguvu, ni mkopo. Kaunti ya Mombasa ilitangaza kuupiga marufuku Mei 2024 na mahakama ikasimamisha amri. Mabishano yale yamewachosha watu kuliko muguka wenyewe, siyaingii.

Anayekoroma kama injini ya jahazi, akanyamaza kabisa, kisha akashtuka kwa kishindo, huyo pumzi yake hukatika usingizini. Amelala kwa saa nane nzima na ubongo haukupumzika. Shahidi wake ni mke, si mashine yangu. Na aliyepoteza hamu ya kila kitu, hata ya vitu alivyopenda, zaidi ya wiki mbili, azungumze na daktari bila haya. Sonona huketi mwilini kama uzito wa kweli.

Ukienda kupima

Usiseme "nipime damu yote". Hakuna kipimo hicho, na utalipia vingi usivyohitaji. Sema uchovu ulianza lini, unakuja ukifanya nini, unafuatana na nini. Kwa mtu mzima, hesabu kamili ya damu, sukari, figo na presha hukamata mengi. Vingine vifuate dalili. Ukiambiwa sukari ya kufunga, usile kwa muda wa saa nane kabla, maji ya kawaida ruksa, chai hapana, hata isiyo na sukari. Njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba na za mgongo, na useme kweli juu ya mnazi. Ukipewa chuma, choo kitageuka cheusi. Usishtuke kama ni kikavu cha kawaida, shtuka kikinata na kunuka.

Mama wa viazi karai alipewa vidonge na akapelekwa kwa daktari wa kina mama kwa ule uvimbe. Nilimwambia arudi baada ya wiki nne: chuma kikiingia, Hb hupanda angalau gramu 1, mara nyingi 2. Ikifika kawaida, vidonge huendelea miezi mitatu zaidi kujaza ghala, hata kama mwinuko wa feri umekuwa mwepesi. Alirudi na 8.9. Laiti angerudi na 6.8 ile ile, nisingemwongezea dozi. Ningemuuliza tena damu inavujia wapi.